Biro ya Mbao na Daftari la Shule: Raha ya Kuchora Bila Kutafuta Laiki

Mwezi jana nilikuwa kwa mathree ya Rongai, saa moja jioni, na unajua vile Lang'ata Road hukaa mwisho wa mwezi. Hatusongi. Ngoma imefunguliwa mpaka kiti inatetemeka, simu yangu imezima, na nimebaki na kazi moja tu: kucheki watu. Msee aliyekaa kando yangu alikuwa na daftari la shule kwa goti, lile la kurasa 96, kava imekunjika, na biro ya blue. Nikafikiria anapiga hesabu ya madeni. Kumbe anachora mkono wa makanga.

Mkono tu. Ule wa kushoto, wenye noti zimekunjwa kwa urefu na kupangwa katikati ya vidole: za soo mahali pake, za soo mbili mahali pake, za hamsini zimefichwa nyuma. Mimi nimepanda mathree tangu enzi za kukaliwa mapajani ndio nisilipiwe, na sijawahi kuona kwamba ule mkono ni duka mzima. Makanga akigeuka kudai mtu pesa, mkono unapotea. Jamaa hakukasirika. Aliacha mchoro nusu, akaanza mwingine chini yake. Tukifika Galleria ukurasa ulikuwa na mikono sita, hakuna hata mmoja umekamilika, na ukiiangalia yote pamoja ni kama makanga anasonga hapo kwa karatasi.

Nikamuuliza anachora ya nini. Akanicheki kama hajaelewa swali.

"Ya nini aje? Nachora tu."

Kazi yake, kumbe, ni kupaka nganya. Yeye ni mmoja wa wale hupiga sura za wachezaji na marapa ubavuni mwa gari, na analipwa. Hiyo ni kazi: mwenye gari anasema anataka nani, rangi gani, na iishe lini. Daftari ni kitu ingine kabisa. Anasema hujaza moja kila miezi miwili hivi, hakuna mtu hulinunua, hakuna mtu huliona, isipokuwa wasee wa shingo ndefu kama mimi.

Hiyo "nachora tu" imenikaa kwa kichwa mpaka nikaamua kuandika hii stori. Juu mimi pia nilikuwa nachora, nikaacha, na najua vizuri sana mbona niliacha.

Wewe pia ulikuwa unachora, usinidanganye. Fungua daftari la hesabu la mtoto yeyote wa Kenya, ukurasa wa mwisho kabisa. Utapata mathree, bunduki, jina la mtu limeandikwa kwa herufi za graffiti, na mwalimu mwenye kichwa kubwa. Ulichora kwa dawati, ukachora kwa mkono wako, ukachora kwa vumbi ya dirisha la basi ya shule. Halafu siku moja ukaacha na hata hukumbuki siku yenyewe. Kwa wengi wetu ilikuwa hapo darasa la sita ama la saba, wakati kila kitu ilikuwa KCPE, na KCPE yetu haikuwa na karatasi ya kuchora. Ukipatikana unachora, ni viboko, ati unaharibu kitabu. Ama ilikuwa ile siku kulitokea mmoja kwa klasi aliyechora Ronaldo na akatokea Ronaldo kabisa, nyinyi wengine arobaini mkaamua hamjui. Yeye akawa msanii, nyinyi mkawa mashabiki.

Mimi ndiye nilikuwa yule wa Ronaldo. Na hiyo ndiyo ilinimaliza.

Hii mchezo pengine unaijua. Unatoa foto ya staa kwa intaneti. Unapiga miraba juu ya foto, unapiga miraba ingine kwa karatasi ya A3, halafu unahamisha mraba mmoja baada ya mwingine, penseli ya 2B mpaka 8B, na zile pamba za masikio za kusambaza kivuli. Masaa thelathini, arobaini. Ukimaliza unaposti, umeshika karatasi kando ya uso wako, na unaandika kwamba imekuchukua siku tano kuchora lakini wao itawachukua sekunde moja kusambaza, tafadhali wasaidie mpaka staa aone. Tumeziona zote. Mimi niliposti yangu nikiwa mwaka wa pili chuo, deni ya karo iko juu, na nilikuwa nimeamini kabisa staa akiiona tu, maisha imebadilika. Nilipata laiki kumi na moja. Mbili zilikuwa za binamu yangu, juu ana akaunti mbili.

Oda zilikuja hata hivyo, kidogo kidogo. Ngiri na soo tano kwa A3, fremu kando. Mwaka huo huo nikaacha chuo, nikaambia watu ni juu ya sanaa. Ukweli ni karo, lakini sanaa ilikuwa inaskika poa zaidi. Kuna kastoma alitaka picha yake na manzi wake, ya kusherehekea mwaka mmoja pamoja. Nikaichora mpaka mwisho. Kabla ya siku ya kuichukua wakaachana, na jamaa akaniblok. Mpaka leo hiyo picha iko chini ya kitanda yangu, watu wawili wakicheka na meno yote nje. Nimechora kila jino la hao watu na siwezi kukuambia ni watu wa aina gani.

Baada ya hapo nikishika penseli naskia uchovu. Kila mchoro ulikuwa na swali limejificha nyuma: hii italipa? Hii itapata laiki ngapi? Miaka mitatu sikuchora hata mbuzi.

Sasa wacha nikueleze kile kitu msee wa nganya alinifungua nacho macho, na baadaye nikaenda kukisoma zaidi. Kunakili foto na kuchora kitu kilicho mbele yako ni kazi mbili tofauti. Foto imeshakufanyia maamuzi yote. Imesimama, imelala bapa, mwanga umeshakwama mahali pamoja. Wewe ni kuhamisha tu, kama kuhamisha vyombo kutoka keja moja hadi ingine. Sitaki kudharau hiyo kazi, juu inataka subira ya ajabu na kuna wasee inawalisha. Lakini simama mbele ya mama wa chapo akisukuma. Hakuna kitu imetulia. Mkono unaenda, bega linafuata, chapo inazungushwa kwa meza, kichwa kinageuka kumjibu kastoma. Una sekunde tatu za kuamua: nachukua nini, naacha nini? Huko kuchagua ndiko kuchora kwenyewe. Ukichukua mgongo umeinama na ule mti wa kusukumia, mistari mitano hivi, mtu yeyote wa mtaa atajua huyo ni nani.

Na kuna adui mmoja hapo: kile unadhani unakijua. Ubongo unapenda njia ya mkato. Ukiona jicho, unakunong'onezea "jicho", na mkono unachora lile la kila siku, samaki aliyelala na duara katikati. Ukiona mti, unachora wingu juu ya kijiti. Hujachora jicho la huyo mtu, umechora neno "jicho". Ndio maana mtu akiniambia hajui kuchora, mimi huangalia vile anaandika jina lake. Kama mkono unaweza kupiga sahihi, hauna shida yoyote. Shida ni macho. Yaliangalia sekunde moja, yakaenda zao.

Kuna zoezi la kuvunja hiyo tabia, na ni la kitambo. Kimon Nicolaïdes alikuwa mwalimu wa kuchora New York, na kitabu chake, The Natural Way to Draw, kilitoka 1941, yeye akiwa ameshakufa. Zoezi lenyewe liko hivi. Weka ncha ya biro kwa karatasi. Weka macho kwa ukingo wa kitu, tuseme mkono wako wa kushoto. Sasa sogeza macho polepole kufuata ukingo, polepole kama siafu anatembea kwa ngozi, na biro iende kasi hiyo hiyo. Karatasi usiiangalie. Najua itakuwasha, usiiangalie tu.

Itatoka vibaya. Lazima. Mkono wangu wa kwanza ulitoka kama tangawizi ya sokoni, nikacheka peke yangu kejani mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini ndani ya hiyo tangawizi kulikuwa na mkunjo mmoja wa kidole gumba ambao ulikuwa wa kidole changu kabisa, si cha mtu mwingine. Miaka yote ya penseli za 8B sikuwahi kupata mkunjo kama huo. Na kitu ya ajabu zaidi: nilikuwa nimekaa dakika kumi na tano bila kufikiria simu.

Kama wewe ni mtu wa anime, skechi unaidai heshima na hata hujui. Japani kulikuwa na mzee anaitwa Katsushika Hokusai, yule wa lile wimbi kubwa la blue utapata kwa matisheti na kava za simu. Mwaka wa 1814 ilitoka juzuu ya kwanza ya vitabu vyake vya michoro, vinaitwa Hokusai Manga. Usitarajie stori kama za manga ya saa hii. Ni skechi tu, zimejazana: watu wakioga, wapiganaji wa sumo, wanene, wembamba, watu wakikunja sura ndio wachekeshe, ndege, samaki, mvua, mapepo. Vilifika juzuu 15, na ya mwisho ikatoka 1878, karibu miaka 30 baada ya mzee kufa. Neno manga lilikuwepo kabla yake, lakini hivyo vitabu vililisukuma likajulikana kila mahali. Yaani kabla ya Naruto, kabla ya Luffy, kulikuwa na msee alikaa akachora watu wakioga na watu wakikunja sura.

Huyo mzee alikufa 1849 akikaribia miaka 90, bado anachora. Akiwa sabini na kitu aliandika kwamba yale yote alichora kabla ya kufika 70 hayakuwa ya kuhesabiwa. Na wewe uko 23, umejaribu mara mbili, unasema mkono umekataa.

Wa karibu na wakati wetu ni Kim Jung Gi wa Korea Kusini. Pengine video zake zilikupitia kwa fidi: jamaa anasimama mbele ya karatasi kubwa kama ukuta, bila foto, bila penseli ya kuanzia, na anaanza kutoa watu, pikipiki, nyangumi, wanajeshi, yote kutoka kwa kichwa. Alikufa Paris, Oktoba 2022, akiwa na miaka 47. Watu walikuwa wanaita hiyo uchawi. Lakini huyo jamaa ametoa vitabu vizito, vizito kabisa, vya skechi tupu. Kile kilionekana uchawi jukwaani ni akiba ya miaka ya kuangalia vitu na kuviweka kwa karatasi siku ambazo hakukuwa na kamera.

Watafiti nao hawajabaki nyuma. Mwaka wa 2009, Jackie Andrade wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, aliwaskizisha watu 40 ujumbe wa simu uliotengenezwa uchoshe makusudi, stori refu ya nani atakuja pati na nani hatakuja. Nusu yao walipewa karatasi wawe wakijaza maumbo na penseli wakiskiza. Nusu ingine waliskiza bila kujaza maumbo. Baadaye wakapigwa maswali ya ghafla, na wale waliokuwa wakijaza maumbo walikumbuka asilimia 29 zaidi. Watu 40 si wengi, usiende kuanzisha dini. Lakini ile viboko ya "unachora ukifundishwa" nadhani tunaweza kuomba ichunguzwe upya.

Ingine ni ya 2016, Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani. Watu wazima 39 walipewa dakika 45 wacheze na kalamu za rangi, udongo na vipande vya karatasi, na mate yao yakapimwa kabla na baada ili kuona kiwango cha kotisoli, ile homoni hupanda ukiwa na presha. Ilishuka kwa karibu robo tatu yao. Kile kilinishika ni kwamba haikujalisha kama mtu amewahi kufanya sanaa ama hajawahi. Mwenye kutoa tangawizi na mwenye kutoa Ronaldo, wote sawa.

Sawa, unaanza aje?

Nunua biro ya mbao na daftari. Usinunue kitu cha bei, nakuomba. Niliwahi kununua kitabu cha skechi chenye kava ngumu na karatasi nzito ya krimu, nikakiogopa mwaka mzima, juu kila ukurasa ulikuwa unaniangalia kama mama mkwe. Daftari la shule halitishi mtu. Biro nayo ina faida kubwa: haifutiki. Ukikosea mstari, unapiga mwingine kando yake na maisha inaendelea. Rabo ndio hurudisha ile sauti ya mwalimu.

Anza na watu wametulia, na Nairobi imejaa watu wametulia. Watu wa boda wakiwa wamelala juu ya pikipiki zao saa nane mchana, mguu mmoja kwa usukani: hao ni zawadi ya Mungu kwa mtu anaanza. Hawasongi, na ile kona ya mwili ikilala kwa chuma ni tamu sana kuchora. Watu wa foleni, foleni yoyote. Wale husimama nje ya Archives wakingoja deti ambaye amesema "niko hapa karibu" dakika arobaini zilizopita. Utaona uzito wa mwili ukihama kutoka mguu wa kulia hadi wa kushoto, na hiyo pekee ni mchoro. Jeevanjee nayo iko na wahubiri wa lanchi, na wale wanaoskiza mahubiri husimama bila kusonga kuliko hata sanamu ya Tom Mboya. Kwa mathree chora visogo. Kisogo hakijui kinachorwa, na utashangaa vile kila mtu ana kisogo chake: kola, mkunjo wa shingo, nywele zimesukwa wiki ya tatu.

Jipe dakika mbili ama tatu kwa kila kitu, halafu hama. Weka tarehe na mahali hapo chini. Gabriel Campanario, mwandishi wa habari na mchoraji wa Seattle, ndiye alianzisha kikundi cha Urban Sketchers kwa intaneti mwaka wa 2007, na kimesambaa miji mingi duniani. Moja ya mambo wanayoshikilia ni hilo, kwamba unachora ukiwa hapo hapo, kile unakiona, na mchoro unakuwa rekodi ya mahali na wakati. Nilidhani tarehe ni mapambo mpaka nilipofungua kurasa za nyuma. Nikapata kibanda cha mama mboga wa kwetu, na ule mwavuli wake wa kijani. Kibanda kilibomolewa, saa hii hapo ni barabara. Foto yake sina, na nilikuwa napita hapo kila siku na simu yenye kamera tatu.

Watu watakushtukia, hilo uwe tayari. Siku moja nilikuwa nachora mlango wa jengo moja la kitambo hapo tao, soja akanijia mbio na rungu, ameshaamua mimi napanga kuvunja. Sikubishana. Nikamuonyesha daftari. Akaangalia, akaangalia mlango, akarudi kwa daftari, halafu akasimama wima, akatengeneza kofia, akaniambia nimuweke na yeye. Nikamuweka. Akalalamika tumbo nimeifanya kubwa. Hiyo ndiyo dawa yangu tangu siku hiyo: mtu akiuliza, onyesha, na akitaka karatasi mpe. Ila maeneo ya jeshi, polisi na uwanja wa ndege achana nayo. Hakuna skechi ya kueleza usiku mzima kwa benchi. Na mtu akionekana hataki, geuza ukurasa, chora kiatu chako.

Usiposti kwanza. Hii najua ni ngumu kuskia kwa hii tovuti, na mwenye kuandika ni mtu analipwa juu ya wewe kubonyeza vitu. Lakini jipe mwezi mmoja wa kuchora kitu ambacho hakuna mtu atakipima. Ukijua utaposti, mkono unaanza kujipanga kama mtu ameskia anarekodiwa. Unarudi kwa jicho la samaki kwa sababu linafanana na jicho.

Hapa ndio kuna mtu ataniuliza: na doh? Hii mji kila mtu ana hasla tatu, kodi ni tarehe tano, na wewe unaniambia nikae nichore visogo? Swali ni la haki na sina jibu la kukufurahisha. Haitakulipa. Msee wa nganya angeweza kusema daftari humsaidia kazini, na ni kweli humsaidia, mkono umelainika. Lakini nilipomuuliza hivyo alitikisa kichwa. Alisema kazini anachora kile mwenye gari anataka kuona, akirudi anataka kuona na yeye.

Mimi nimejaribu kugeuza kila kitu napenda kiwe biashara. Kuchora, kucheza FIFA, hata kupika pilau. Kila kimoja kilifika mahali nikakichukia. Sisemi usiuze michoro yako, uza, na usikubali mtu akulipe kwa "utajulikana". Nasema tu uwe na daftari moja ambalo haliuzwi. Ile A3 ya wapenzi walioachana, by the way, nimeitoa chini ya kitanda. Upande wa nyuma ni mweupe, karatasi nzuri sana. Nimeanza kuijaza: mguu wa meza, paka wa jirani, sufuria.

Na nimeijaza na mathe pia. Tangu niache chuo mimi na mathe tumekuwa tukiongea juu ya vitu tu. Gesi imeisha. Token zimebaki ngapi. Funga mlango. Jumapili moja Agosti alikuwa amekaa anachagua ndengu kwa sinia, mimi niko kiti ya pili na karatasi kwa goti, nikaanza bila kumwambia. Mikono kwanza, juu mikono naweza. Halafu nikapanda juu, bega, kidevu, nikafika kwa miwani. Na nikaona mguu wa miwani upande wa kushoto umefungwa na uzi mweusi, umezungushwa mara nyingi, na fundo dogo.

"Mathe, miwani ilivunjika lini?"

"Tangu Pasaka," akasema, bila kuinua kichwa.

Pasaka. Tunakula meza moja kila usiku.

Nikaendelea kuchora huo uzi, mzunguko mmoja mmoja, juu sikujua kitu ingine ya kufanya. Baada ya muda akaskia kimya imezidi, akainua macho, akaniambia lete nione. Akaishika mbali kidogo vile huwa anashika bili ya maji. Akasema pua nimeiongeza. Akasema kwani mashavu yake yameanguka hivyo. Halafu akakata hicho kipande na makasi ya jikoni, bila kuniuliza, akakiweka ndani ya Biblia yake, akarudi kwa ndengu.

Wiki iliyofuata tulienda na yeye kwa mtu wa miwani. Kwa mathree ya kurudi, mimi nikichora kisogo cha mtu wa mbele, akaniambia Jumapili atavaa kile kitambaa cha kijani, nije na biro.